Mifereji ya Potasiamu katika Seli Glia za Neva: Sayansi, Istilahi na Mgonjwa wa Githongo

Utangulizi

Katika nyanda za juu za Githongo, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, siku ya mchuma chai huanza majani yakiwa bado na umande. Ifikapo saa moja asubuhi vidole vya wengi huwa vimekufa ganzi kwa baridi. Vivyo hivyo, mtu aliyekalia mguu wake kwa muda mrefu huona umekuwa mzito kama si wake, na anapoinuka huhisi unachomwachomwa kama kwa sindano nyingi ndogo. Hali hizi anazijua kila mtu, na Kiswahili kina neno lake: ganzi. Wasichokijua wengi ni kile kinachotokea ndani ya neva mtu anapopatwa na ganzi, na mchango wa potasiamu katika jambo hilo.

Makala haya yana malengo mawili. Kwanza, yanaeleza kwa Kiswahili jinsi mifereji ya potasiamu, pamoja na mifereji mingine ya ayoni, inavyofanya kazi katika seli glia zinazozifunika nyuzi za neva. Pili, yanachunguza majina ambayo sayansi imeyapa mambo haya na majina ambayo Kiswahili kinaweza kuyapa. Dai linalotetewa hapa ni kwamba istilahi huelekeza fikra za anayeitumia. Jina baya liliwahi kuwapotosha wanasayansi wa Ulaya kwa muda mrefu, na jina lisiloeleweka linaweza kumpotosha mgonjwa wa figo katika kijiji chochote cha Meru leo.

Uzi wa Neva na Jirani Zake

Neva ni fungu la nyuzi. Kila uzi una kiini chake kiitwacho aksoni, ambacho ni mkono mrefu na mwembamba wa seli ya neva. Aksoni inayofika kwenye kidole cha mguu wa mtu mzima huanzia karibu na uti wa mgongo na huweza kuwa na urefu wa takriban mita 1, ingawa upana wake ni sehemu ndogo tu ya unene wa unywele.

Aksoni haikai peke yake. Katika neva za mikono, miguu na kiwiliwili, aksoni hufunikwa na seli za Schwann, zilizopewa jina la mwanabiolojia Mjerumani Theodor Schwann aliyezieleza katika miaka ya 1830. Seli hizi ni za jamii ya glia. Zipo za aina mbili kuu. Aina ya kwanza hujiviringisha mara nyingi juu ya aksoni moja, kama mgomba unavyofunikwa na magome yake tabaka kwa tabaka, na kutengeneza ala yenye mafuta iitwayo mayelini. Kila seli hufunika kipande cha karibu milimita 1, hivyo aksoni ya kutoka mgongoni hadi mguuni huweza kuhudumiwa na takriban seli elfu moja zilizojipanga mstari mmoja. Kati ya seli moja na nyingine hubaki pengo dogo lisilo na mayelini. Mapengo hayo huitwa vifundo vya Ranvier, kwa heshima ya Mfaransa Louis-Antoine Ranvier aliyeyaeleza katika miaka ya 1870. Aina ya pili ya seli za Schwann haitengenezi mayelini. Seli moja ya aina hii hukumbatia aksoni kadhaa nyembamba kwa pamoja.

Tofauti hii huonekana wazi mtu anapojikwaa. Kwanza huja maumivu makali ya ghafla, kisha baada ya muda mfupi hufuata maumivu mengine ya kuwaka yanayokawia kuondoka. Maumivu ya kwanza husafiri katika nyuzi zenye mayelini. Ya pili husafiri katika nyuzi zisizo na mayelini, ambazo mwendo wake ni kati ya mita 0.5 na 2 kwa sekunde. Nyuzi nene zenye mayelini, kama zile zinazoendesha misuli, huweza kufikia mita 100 kwa sekunde. Katika nyuzi hizi ujumbe huruka kutoka kifundo kimoja cha Ranvier hadi kingine, na hautambai hatua kwa hatua.

Lililofichwa na Jina la Gundi

Neno glia linatokana na Kiyunani na maana yake ni gundi. Aliyelileta katika sayansi ya neva ni daktari Mjerumani Rudolf Virchow, katika miaka ya 1850. Alipotazama ubongo kwa hadubini aliona kitu kilichojaza nafasi kati ya seli za neva, akakichukulia kuwa ni kiunganishi tu. Jina likashika, na wazo likashika pamoja nalo. Kwa takriban miaka mia moja iliyofuata, watafiti wengi walielekeza macho yao kwa seli za neva, kwani hizo ndizo zilizopitisha umeme, na kuziona glia kama lipu ya ukuta inayoshikilia matofali.

Hata idadi yake ilikisiwa kwa urahisi mno. Vitabu vingi vya kufundishia vilisema kwamba katika ubongo wa binadamu kuna seli glia kumi kwa kila seli moja ya neva. Hesabu zilizofanywa kwa njia bora zaidi na kuchapishwa mwaka 2009 zilionyesha kuwa seli za neva ni takriban bilioni 86 na kwamba seli nyingine za ubongo zinakaribia idadi hiyo hiyo.

Mabadiliko makubwa ya fikra yalikuja mwaka 1966. Stephen Kuffler, John Nicholls na Richard Orkand walichunguza neva ya jicho ya mnyama wa majini wa jamii ya salamanda. Waliona kwamba neva ilipopitisha ujumbe, volteji ya seli glia zilizoizunguka ilibadilika pia, ingawa seli hizo zenyewe hazikutoa msukumo wowote wa umeme. Kilichozibadilisha ni potasiamu iliyotoka katika aksoni. Kwa maneno mengine, gundi ilikuwa inasikia. Swali lililofuata lilikuwa hili: je, inasikia tu, au inafanya jambo?

Mfereji Usio wa Maji

Ili kulijibu swali hilo, ni lazima kwanza kueleza ayoni na mifereji yake. Ayoni ni chembe yenye chaji ya umeme. Chumvi ya mezani inapoyeyuka katika maji hutengana kuwa ayoni za sodiamu zenye chaji chanya na ayoni za kloraidi zenye chaji hasi. Potasiamu, ambayo hupatikana kwa wingi katika ndizi, viazi, nduma, maharagwe na parachichi, nayo huwa ayoni yenye chaji chanya.

Mwili huzigawa ayoni hizi kwa mpangilio maalumu. Sodiamu nyingi hukaa nje ya seli na potasiamu nyingi hukaa ndani. Takriban asilimia 98 ya potasiamu yote ya mwili imo ndani ya seli. Kwa vipimo vya kitaalamu, ndani ya seli kuna karibu milimoli 140 za potasiamu kwa kila lita, hali katika damu kuna milimoli 3.5 hadi 5 tu. Mpangilio huu hulindwa na pampu iliyo katika utando wa seli, ambayo hutoa ayoni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kila inapozunguka mara moja. Pampu hiyo iligunduliwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, na mwaka 1997 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Utando wa seli umejengwa kwa mafuta, na ayoni haziwezi kupenya mafuta. Hupita katika protini maalumu zilizo kama mirija mifupi inayovuka utando kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hii ndiyo mifereji ya ayoni. Mingi kati yake ina lango linaloweza kufunguka na kufungika. Baadhi ya malango hufunguka volteji inapobadilika, mengine yanapoguswa na kemikali fulani, na mengine hubaki wazi karibu wakati wote.

Jambo la kustaajabisha ni uteuzi wake. Mfereji wa potasiamu hupitisha potasiamu na kuizuia sodiamu, ilhali ayoni ya sodiamu ndiyo ndogo zaidi. Tundu gani hupitisha kikubwa likazuia kidogo? Jibu lilipatikana mwaka 1998, Roderick MacKinnon na wenzake walipoonyesha umbo la mfereji wa potasiamu wa bakteria. Ayoni inapokuwa katika maji huwa imezungukwa na molekuli za maji, na haiwezi kupita mahali pembamba mpaka iziache. Ndani ya mfereji kuna kichujio chenye atomi za oksijeni zilizopangwa kwa umbali unaoilingana potasiamu barabara. Potasiamu huyaacha maji na kupokewa na oksijeni hizo bila hasara. Sodiamu, kwa udogo wake, haizifikii oksijeni zote vizuri, hivyo kwake ni nafuu kubaki na maji yake nje. Hata baada ya kuchuja hivyo, mfereji mmoja unaweza kupitisha ayoni zinazokaribia milioni 100 kwa sekunde. MacKinnon alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Ujumbe wa neva hutokana na mifereji ya aina mbili ikifanya kazi kwa zamu. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walilieleza hili mwaka 1952 kwa kutumia aksoni kubwa ya ngisi. Neva inapotulia, ndani yake huwa na chaji hasi ya takriban milivolti 70. Ujumbe unapofika, mifereji ya sodiamu hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi na ndani hugeuka kuwa chanya. Katika muda usiofika milisekunde chache mifereji hiyo hujifunga, mifereji ya potasiamu hufunguka, na potasiamu hutoka nje na kuirudisha neva katika utulivu. Kila ujumbe, kwa hiyo, huacha potasiamu kidogo nje ya aksoni.

Sasa inaeleweka kwa nini baridi ya asubuhi huleta ganzi. Baridi hupunguza mwendo wa malango ya mifereji na kazi ya pampu, na pia hubana mishipa ya damu ya vidole. Ujumbe hupungua kasi, na baridi ikizidi hukatika kabisa.

Potasiamu Inapofurika

Potasiamu inayotoka kwa ujumbe mmoja ni kidogo sana. Tatizo ni nafasi inayoipokea. Kati ya aksoni na seli ya glia iliyo jirani yake kuna mwanya ambao upana wake ni takriban nanomita 20, na milimita 1 ina nanomita milioni moja. Katika mwanya mwembamba kama huo hata kidogo huwa kingi. Neva ikituma ujumbe mfululizo, potasiamu ya nje huweza kupanda kutoka milimoli 3 au 4 kwa lita hadi kufikia milimoli 10 au 12.

Madhara ya ongezeko hilo huja kwa awamu mbili. Mwanzoni, potasiamu ikizidi nje, neva husisimka kupita kiasi na kutuma ujumbe usioombwa. Ongezeko likiendelea, mifereji ya sodiamu hukwama katika hali ya kufungwa na neva hunyamaza. Ni lazima basi potasiamu hiyo iondolewe upesi, na hapa ndipo seli glia inapoacha kuwa gundi.

Utando wa seli glia una mifereji mingi ya potasiamu inayobaki wazi seli ikiwa imetulia. Kwa sababu hiyo volteji yake hufuata potasiamu karibu kabisa. Potasiamu ya nje ikiwa milimoli 4 na ya ndani 140, hesabu ya fizikia inaonyesha kwamba volteji ambayo potasiamu haitaki kuingia wala kutoka ni takriban milivolti 94 hasi. Ya nje ikipanda hadi 12, kiwango hicho huwa takriban milivolti 65 hasi. Chukua sasa seli glia ambayo volteji yake ni milivolti 85 hasi. Mahali ambapo potasiamu imefurika, ndani ya seli huwa hasi kuliko kiwango cha mizani, na kwa kuwa potasiamu ina chaji chanya, huvutwa ndani. Mahali pa mbali ambapo hakuna mafuriko, mambo huwa kinyume: potasiamu husukumwa nje. Hivyo seli hupokea potasiamu panapozidi na kuitoa panapopungua. Seli glia nyingi, hasa za ubongo, zimeunganishwa kwa vijia vidogo, na potasiamu huweza kupita kutoka seli moja hadi nyingine kabla ya kutolewa.

Mkulima wa miteremko ya Mlima Kenya ataielewa kazi hii bila shida. Mvua kubwa ikinyesha, shamba lenye mitaro halisombwi na maji, kwa kuwa maji huongozwa mpaka mahali penye nafasi. Seli glia ni mitaro ya neva.

Mifereji inayofanya kazi hii kwa wingi ni ya jamii iitwayo Kir, ambayo sifa yake kuu ni kuingiza potasiamu kwa urahisi zaidi kuliko kuitoa. Sababu ni kwamba potasiamu inapotaka kutoka, magnesiamu na kemikali nyingine za ndani ya seli huziba tundu. Katika ubongo, mfereji maarufu zaidi wa jamii hii ni Kir4.1. Katika seli za Schwann mifereji ya Kir hupatikana hasa kwenye vinywele vidogo vya utando vinavyozunguka kifundo cha Ranvier, mahali hasa ambapo ujumbe huzalishwa. Pamoja na mifereji hii, pampu ya sodiamu na potasiamu iliyo katika seli glia nayo huongeza kasi potasiamu ya nje inapozidi.

Mifereji Mingine ya Seli Glia

Ingekuwa makosa kudhani kwamba seli glia ina mifereji ya potasiamu tu. Mifereji ya kloraidi huruhusu kloraidi kuifuata potasiamu, ili chaji zisipishane. Zikiingia zote mbili, maji hufuata, na seli huvimba kidogo. Kuna pia mifereji ya kalisi, ambayo hufungua njia ya mawasiliano ya kikemikali ndani ya seli.

La kushangaza zaidi liliripotiwa mwaka 1984. S. Y. Chiu, P. Shrager na J. M. Ritchie walipima seli za Schwann za sungura zilizokuzwa maabarani, wakazikuta na mifereji ya sodiamu na potasiamu inayofanana na ile ya seli za neva. Walitumia mbinu iliyobuniwa na Erwin Neher na Bert Sakmann mwaka 1976 ya kubana kipande kidogo cha utando kwa ncha ya mrija wa kioo na kupima mkondo wa mfereji mmoja mmoja. Wabunifu hao walituzwa Nobel mwaka 1991. Seli za Schwann haziitumii mifereji hiyo kutuma ujumbe. Tafiti zilizofuata zimehusisha mifereji yake ya potasiamu na kugawanyika kwa seli, jambo muhimu wakati neva iliyokatika inapojijenga upya.

Mifereji Inapoharibika

Thamani ya kitu hujulikana kinapopotea. Mwaka 2009, makundi mawili ya watafiti yaliripoti watoto waliozaliwa na kasoro katika jeni ya mfereji wa Kir4.1. Watoto hao walikuwa na kifafa, mwendo wa kuyumba, uziwi na hitilafu ya figo katika kutunza chumvi. Dalili hizo zinaonekana kuwa mbalimbali, lakini chanzo ni kimoja: mfereji huo hutumika katika glia za ubongo, katika sikio la ndani na katika figo.

Mfano wa pili ni wa mayelini. Chini ya kingo za mayelini, karibu na kifundo cha Ranvier, aksoni ina mifereji ya potasiamu iliyofichwa. Ugonjwa unapoiharibu mayelini, mifereji hiyo hufichuka, potasiamu huvuja na ujumbe hufifia njiani. Kwa msingi huo, mwezi wa Januari 2010 Marekani iliidhinisha dawa ya dalfampridini, inayoziba mifereji ya potasiamu, ili kuwasaidia kutembea baadhi ya wagonjwa walioharibikiwa na mayelini ya ubongo na uti wa mgongo.

Asili nayo ilikwisha kuibuni dawa ya kuziba, ingawa kwa nia nyingine. Sumu ya koboko wa kijani, nyoka wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ina protini iitwayo dendrotoksini, iliyoelezwa na A. L. Harvey na E. Karlsson mwaka 1980. Protini hii huziba mifereji ya potasiamu ya aksoni, na neva hushindwa kutulia baada ya ujumbe, hivyo misuli hutetemeka ovyo. Tangu hapo watafiti wameitumia sumu hiyo kuitambua mifereji ya jamii fulani na kuitenga na mingine.

Ugonjwa wa ukoma hutoa mfano wa nne. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Gerhard Hansen wa Norwe mwaka 1873, hupenda kuishi ndani ya seli za Schwann. Seli hizo zikiharibika, neva hupoteza mlinzi wake, na mgonjwa hupoteza hisia ya mikono na miguu. Vidonda vya ukoma hutokana kwa sehemu kubwa na majeraha ambayo mgonjwa hakuyahisi.

Kutoka Maabara hadi Githongo: Suala la Istilahi

Juhudi za kukipa Kiswahili istilahi za sayansi si mpya. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania liliundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kisha kamusi ya tiba mwaka 2003. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini sayansi bado hufundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba muuguzi husoma kuhusu neva kwa Kiingereza na kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili au Kimeru. Daraja kati ya lugha hizo analijenga mwenyewe, papo hapo, mgonjwa akisubiri.

Neno la kwanza la kuchunguza ni mshipa. Katika Kiswahili cha kila siku neno hili hubeba maana ya mrija wa damu, neva, na hata ugonjwa wa ngiri. Mgonjwa akiambiwa kuwa mshipa wake umeharibika, hawezi kujua ni upi. Mshipa wa fahamu huondoa utata kwa kiasi, lakini ni jina refu linalodokeza kwamba kazi ya neva ni fahamu tu, ilhali neva huendesha pia misuli, moyo na utumbo. Neva, ingawa ni la kukopwa, lina maana moja. Inafaa litumike kama istilahi, na mshipa wa fahamu libaki kuwa maelezo yake.

Neno la pili ni glia. Yamkini mtu angependa kulitafsiri kuwa seli gundi au seli saidizi. Yote mawili yangelirudisha kosa la Virchow katika Kiswahili wakati sayansi imekwisha kulisahihisha. Hapa mkopo ni salama kuliko tafsiri, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili hasikii gundi anaposoma glia.

Neno la tatu ndilo gumu. Tundu halina lango. Njia ni pana mno, kwani hutumika pia kwa mfuatano wa hatua za kikemikali. Chaneli tayari limezoeleka kwa maana ya stesheni ya televisheni. Mfereji lina faida ya pekee, lakini faida hiyo haiko sawa kila mahali. Kwa Watanzania wengi mfereji ni mtaro, na kifaa cha kufungulia maji huitwa bomba. Kwa Wakenya wengi mfereji ni kile kifaa chenyewe: hufunguliwa, hufungwa, na huweza kuvuja. Maana ya Kenya inaikaribia zaidi protini inayoelezwa hapa, kwa kuwa lango limo ndani ya neno. Anayeweza kupinga atasema kwamba mfereji huashiria maji. Hoja hiyo haina uzito mkubwa, kwani seli zina pia mifereji ya maji hasa, na Peter Agre aliyeigundua ndiye aliyegawana Tuzo ya Nobel na MacKinnon mwaka 2003. Kwa hiyo inatosha kusema mfereji wa potasiamu, mfereji wa sodiamu na mfereji wa maji.

Uteuzi huu una uzito nje ya ukumbi wa mihadhara. Figo ndizo hutoa potasiamu iliyozidi mwilini. Mtu mwenye figo nzima hana haja ya kuiogopa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2012 kwamba mtu mzima apate angalau miligramu 3510 za potasiamu kwa siku, na ndizi moja ya wastani ina takriban miligramu 400. Figo zikishindwa kazi, chakula kile kile huwa hatari. Potasiamu ya damu ikipanda sana, misuli hulegea, na moyo, ambao nao hutegemea mifereji hii, huweza kusimama.

Mgonjwa wa aina hiyo akiwa Githongo ana ndizi, nduma, viazi na maharagwe shambani kwake. Akiambiwa tu apunguze potasiamu, ataitikia kwa heshima na kurudi nyumbani kula kama kawaida, kwa kuwa hajawahi kukiona kitu kiitwacho potasiamu. Anahitaji maneno kama haya: "Mzee, katika ndizi na nduma mna aina ya chumvi isiyo na ladha ya chumvi. Figo zako haziwezi tena kuitoa. Ikijaa katika damu, huivuruga mifereji midogo inayouendesha moyo, na moyo unaweza kusimama ghafla. Viazi na nduma mvimenye, mvikate vipande vidogo, mvichemshe kwa maji mengi, kisha mmwage maji hayo. Kuhusu ndizi, tutakubaliana na mtaalamu wa lishe ule kiasi gani." Maelezo hayo hayana neno gumu hata moja. Hata hivyo, anayeyatoa lazima awe anaielewa sayansi yenyewe, na aielewe katika lugha anayoitumia kuzungumza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba seli glia za nyuzi za neva zina mifereji ya potasiamu, sodiamu, kloraidi na kalisi. Mifereji ya potasiamu huziwezesha kuisambaza potasiamu inayofurika kati yake na aksoni, na bila kazi hiyo neva husisimka kupita kiasi kisha hunyamaza. Imeonekana pia kwamba jina la gundi lilichelewesha ufahamu huu, na kwamba Kiswahili, kinachoingia uwanjani baadaye, kina nafasi ya kuliepuka kosa hilo.

Mapendekezo matatu yanatolewa. Wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa vitivo vya tiba na uuguzi katika kuunda istilahi, badala ya kuziunda pekee yao kisha kulalamika kwamba hazitumiki. Tofauti za matumizi kati ya Kenya na Tanzania, kama ile ya mfereji, zichukuliwe kuwa hazina ya kuteua, si kikwazo. Mwisho, kila istilahi inayopendekezwa ipimwe kwa wasemaji wa kawaida kabla ya kuingizwa katika kamusi. Istilahi itakayomwezesha mkulima wa Githongo kumweleza jirani yake kwa nini daktari amempunguzia ndizi, naye jirani akaelewa, itakuwa imefuzu.